Nani Apumzike Kwanza?

Jumapili ndiyo siku soko la Kibuye mjini Kisumu hufurika kuliko siku nyingine. Karani aliye mapumzikoni hupita pale kuchagua mitumba, kisha huelekea Dunga, ufuoni mwa Ziwa Viktoria, kula samaki na kupanda mashua. Mama anayemkaangia samaki, nahodha wa mashua na bodaboda aliyemfikisha wote wako kazini, na ndiyo siku wasiyothubutu kuikosa. Ndiyo maana sishawishiki sana na ushauri kwamba kila mtu ajipangie muda wake, kana kwamba muda huo ni wake peke yake.

Wanaosisitiza kuchapa kazi wana hoja nzito. Aliyechukua pikipiki kwa mkopo wa kulipa kila siku anajua kwamba deni halina Jumapili. Akilala nyumbani, mteja wake atabebwa na mwenzake wa steji ileile, na huenda asirudi tena. Huwezi kumhubiria huyo habari za kutuliza akili bila kumwambia nani atalipia siku hiyo. Mchumia juani hulia kivulini, na yeye bado yuko juani.

Ila mwili nao una deni lake. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalikadiria kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yuko katika hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Anayetoka saa kumi na mbili alfajiri na kurudi saa mbili usiku, siku sita, ameshapita saa 80.

Mfano unaonivutia zaidi uko ziwani. Wavuvi wa omena, yaani dagaa, huvua usiku wa giza, wakitumia taa kuwavuta samaki hao juu ya maji. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, kwa hiyo mashua hukaa ufuoni. Watu hushona nyavu, hulala, hupiga soga, wengine hucheza ajua, yaani bao. Hakuna anayejiona mvivu, kwa sababu hakuna jirani anayejaza ndoo huku yeye akikoroma. Kinachomnyima usingizi bodaboda si uchache wa saa. Ni kujua kwamba mwenzake hajalala.

Maofisini ni vivyo hivyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Lakini ujumbe wa bosi huingia kwenye WhatsApp saa tatu usiku, na anayejibu kwanza ndiye anayeonekana mchapakazi. Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alipeleka mswada wa mwaka 2022 wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu baada ya saa za kazi. Shirikisho la waajiri, FKE, liliupinga. Kwa hospitali au hoteli naelewa wasiwasi huo. Kwa ofisi za kawaida sioni hoja: karani akizima simu peke yake ni mkaidi, wakizima wote ni jioni tu.

Hata hivyo, mapumziko ya pamoja si dawa ya kila kitu. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Huko nako kila mtu anapumzika, lakini miezi minne bila kipato hakuna anayeiita starehe; mwenye shamba hulima, asiye nalo hukopa. Na wapo wasiotaka kabisa kutenganishwa na kazi. Wako wanaouza Kibuye ambao marafiki wao wote wako sokoni. Ukiwafungia siku moja unawapunguzia na umbea pia.

Kwa bodaboda, ningeanzia kwenye steji. Kuna mwenyekiti, kuna michango ya mazishi, kuna foleni ya abiria. Kuongeza zamu ya nani hayupo Jumanne na nani hayupo Alhamisi, na mchango mdogo wa kufidia siku hiyo, si jambo kubwa. Gumu ni lile la abiria mwenye nambari ya simu ya mtu wake, anayempigia moja kwa moja bila kufika stejini. Huyo hafungwi na zamu yoyote, na dereva aliye kwenye zamu ya kupumzika ataipokea simu hiyo.