Taya limelipiwa, meno je?

Mdogo wangu alipogongwa na gari, taya lake lilivunjika sehemu mbili na meno manne ya mbele yakang'oka. Bima ya afya ya umma ililipia upasuaji, vyuma, dawa na kitanda. Ilipofika zamu ya meno, fomu yetu ilirudi na maneno mawili: huduma haimo.

Mwaka umepita na bado jambo hili haliniingii akilini. Kishindo kilikuwa kimoja. Kwa nini mfupa uwe ugonjwa, halafu jino lililoota ndani ya mfupa huohuo liwe urembo?

Ubaguzi huu umeandikwa ndani ya sheria. Medicare, bima ya umma ya Marekani kwa wazee na baadhi ya watu wenye ulemavu, iliyoanzishwa 1965, kwa kawaida hailipii meno ila yakifungamana na tiba nyingine, mfano kuyafunga kwa waya ili taya lililovunjika liunge. Kanada nayo, sheria ya afya ya 1984 inatambua upasuaji wa meno unaolazimu kufanyika hospitalini. Ukishatoka wodini, sheria hiyo haimlazimu mtu kukurudishia jino.

Mdogo wangu kazi yake ni kupokea simu. Sauti za f na v zimemponyoka, basi kila mara anaombwa arudie alichosema. Chakula anakimega vipande vidogo, kisha anakisukuma kwa ulimi hadi kwenye magego. Akitaka kucheka, mkono unatangulia mdomoni. Anayeita hayo urembo hajawahi kula naye meza moja.

Kinachoniuma zaidi ni ukomo wa madai, yaani muda ambao ukipita huwezi tena kudai malipo. Jino lililogongwa halifi siku hiyohiyo. Laweza kukaa kinywani likionekana zima, kumbe kiini kinakufa taratibu. Baadaye linageuka kijivu, au mzizi unaanza kulika miaka kadhaa baada ya ajali. Na mtoto je? Kipandikizi cha jino, yaani mzizi bandia unaopachikwa ndani ya mfupa, kwa kawaida hakiwekwi mpaka taya liache kukua, kwa hiyo aliyeumia akiwa na miaka 10 atasubiri karibu miaka mingine 10. Mpango unaofunga madai baada ya mwaka mmoja umemnyima mtoto huyo haki kabla hajafikia umri wa kutibiwa.

Najua hoja ya fedha: tukifungua mlango wa meno, mfuko utakauka. Lakini sidai kusafishiwa meno wala kunyooshewa. Nadai majeraha yaliyoandikwa kwenye faili siku ya ajali, yatibiwe hadi mtu atafune na kuzungumza, na saa ya madai isianze kuhesabiwa mpaka daktari wa meno aseme tiba imewezekana. Majeraha hayo yana tarehe na yana ushahidi. Hayawezi kughushiwa kirahisi.

Rufaa yetu ya pili tumeipeleka wiki hii. Safari hii nimeambatanisha picha ya eksirei iliyopigwa usiku ule: mivunjiko miwili ya taya na mapengo manne, yote kwenye filamu moja.