Mwendo upunguzwe sasa
Habari inasema nchi wanachama wa IMO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa baharini, zilipokutana London Oktoba 2025, ziliahirisha kwa mwaka mmoja uamuzi wa kuzitoza meli kwa hewa ya ukaa zinayotoa. Imeniuma sana. Nimefanya kazi chumba cha injini miaka 11. Meli ikipunguza mwendo kwa asilimia 10 tu, mafuta ya safari nzima hupungua karibu asilimia 20, bila injini mpya wala mafuta mbadala kama amonia. Lakini sisi tulikimbizwa usiku na mchana, tukifika tunatia nanga nje ya bandari siku nne kusubiri gati, jenereta zikinguruma, moshi ukiwaendea watu wa pwani. Mikataba ya kukodi meli ibadilishwe kwanza, maana ndiyo inayomlazimisha nahodha kukimbia hata akijua gati halina nafasi.