Kikapu kinaadhibu hasira, hatari kinaiachia

Tarehe 3 Mei 2022, dakika za mwanzo kabisa za mechi ya pili ya mtoano wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kati ya Memphis Grizzlies na Golden State Warriors, Gary Payton II wa Warriors aliruka kwenda kufunga. Dillon Brooks wa Grizzlies akamfuata kwa nyuma, akainua mkono na kumchapa kichwani akiwa bado hewani. Mpira ulikuwa mbali na mkono huo. Payton aliangukia mkono wa kushoto, kiwiko kikavunjika, na hakuonekana tena uwanjani mpaka fainali, mwezi mmoja baadaye. Brooks alitolewa nje, kisha ligi ikamfungia mechi 1.

Shikilia hiyo mechi 1, halafu turudi nyuma hadi Mei 2007. Phoenix Suns wanaongoza zikiwa zimebaki sekunde chache, wanakaribia kusawazisha mfululizo wao wa mtoano dhidi ya San Antonio Spurs kuwa 2-2, ambapo wa kwanza kushinda mechi 4 ndiye anayesonga mbele. Robert Horry wa Spurs anampiga kikumbo Steve Nash wa Suns na kumtupa kwenye meza ya waamuzi. Pale benchi, Amar'e Stoudemire na Boris Diaw wanainuka na kupiga hatua kadhaa kuelekea kwa mwenzao aliyelala chini, makocha wasaidizi wanawarudisha. Hawakumgusa mtu wala kumkaribia. Wote wawili walifungiwa mechi 1 kila mmoja. Horry aliyeanzisha yote alipewa 2. Suns wakacheza mechi ya tano bila Stoudemire, wakafungwa 88-85 nyumbani kwao, na mfululizo ukawaponyoka katika mechi ya sita.

Kwa hiyo kwenye vitabu vya NBA, kumvunja mtu kiwiko akiwa hewani na kuinuka kwenye kiti ni makosa yenye uzito mmoja. Mimi hili silikubali, na naamini ndiyo kasoro kubwa ya jinsi ligi hii inavyoshughulikia mchezo mchafu. Adhabu zake zimejengwa juu ya hofu ya vurugu. Kinachowaumiza wachezaji mara nyingi hakina vurugu hata kidogo.

Hofu yenyewe ina sababu, na sitaki kuidharau. Desemba 1977 Kermit Washington wa Lakers alikuwa akivutana na mchezaji wa Houston Rockets. Rudy Tomjanovich, pia wa Rockets, akaja mbio kutuliza, naye Washington akageuka na kumpiga ngumi moja usoni. Mifupa ya uso ilivunjika, majimaji ya uti wa mgongo yakavuja, na maisha yake yakawa hatarini. Washington alifungiwa siku 60, sawa na mechi 26. Na Novemba 2004, pale Auburn Hills, ugomvi wa Pacers na Pistons ulipanda hadi kwa mashabiki. Ron Artest wa Pacers akapoteza msimu wote uliobaki, mechi 86 ukijumlisha za mtoano. Ligi iliyopitia mambo hayo ina haki ya kusema anayekaa benchi abaki benchi. Tomjanovich mwenyewe alikuwa anaenda kuamua, na bado aliponea chupuchupu.

Tatizo ni kwamba sheria ya benchi haisikilizi neno. Haiulizi ulikuwa unaenda kufanya nini, umefika wapi, nani kakuzuia. Mwaka 1997 New York Knicks walikuwa wanaongoza Miami Heat 3-1. Katika mechi ya tano P.J. Brown wa Heat akamnyanyua Charlie Ward wa Knicks na kumpindua kichwa chini miguu juu, uwanja ukachafuka, na wachezaji watano wa Knicks wakafungiwa kwa mpigo, wengi wao kwa kutoka benchi, Patrick Ewing akiwemo. Walikuwa wengi mno hata ligi ikalazimika kuwagawa, watatu wakose mechi ya sita na wawili wakose ya saba. Brown alipata mechi 2. Heat wakashinda mfululizo 4-3.

Lakini kinachoniuma zaidi ni faulo za kimyakimya, zile ambazo hakuna anayerusha ngumi wala kupiga kelele. Mojawapo ni mguu chini ya mrushaji. Mtu anaruka kurusha pointi tatu, macho yako kwenye pete, mwili wote uko juu. Mlinzi anamjia kwa kasi, anainua mkono kama kawaida, lakini mguu wake unasogea hatua moja zaidi na kukanyaga palepale mrushaji anapotakiwa kutua. Anayetua haoni. Uzito wote unashukia upande mmoja wa kifundo, na kifundo kinajipinda. Ukitazama kwa kasi ya kawaida utadhani bahati mbaya. Irudie taratibu, angalia mguu badala ya mkono, na utaona kama mlinzi alikuwa na sababu yoyote ya kufika pale.

Ndivyo ilivyotokea Mei 2017 katika mechi ya kwanza ya fainali ya Kanda ya Magharibi. Spurs walikuwa mbele kwa pointi 23, Kawhi Leonard amekwishafunga 26, na kifundo chake kilikuwa tayari kimeumia tangu mfululizo uliotangulia. Akarusha, Zaza Pachulia wa Warriors akaingiza mguu, Leonard akatua juu yake. Refa akapuliza faulo ya kawaida. Leonard alirusha mitupo yake miwili, akatoka, na hakurudi tena katika mfululizo ule. Warriors wakageuza mechi na kushinda 113-111, kisha wakazichukua zote nne. Pachulia hakufungiwa hata mechi moja. Msimu uliofuata ligi iliwaruhusu waamuzi kuipandisha faulo ya namna hiyo kuwa faulo mbaya baada ya kutazama marudio, jambo zuri sana, ila linaonyesha kwamba mpaka siku ile kumnyang'anya mtu mahali pa kutua kulihesabiwa sawa na kumgusa mkono.

Wapo wanaosema dawa ni rahisi, aliyemuumiza mwenzake akae nje mpaka aliyeumia arudi. Naelewa hasira iliyo ndani ya wazo hilo, na baada ya kile alichofanyiwa Payton nilitamani iwe hivyo. Lakini haliwezi kusimama. Jeraha lina bahati yake. Kikumbo kimoja kinaweza kumvunja mtu kiwiko na kumwacha mwingine akijipangusa vumbi, wakati kitendo ni kilekile. Tena utawapa timu sababu ya kumweka mchezaji wa akiba nje wiki tatu zaidi ili nyota wa wapinzani asirudi.

Cha kupima ni kitendo. Aliyepigwa alikuwa hewani? Aliweza kukiona kinachokuja? Mpira ulikuwa karibu kiasi cha kuaminika kwamba ndio uliokuwa unafuatwa? Kwa maswali hayo Brooks anaanguka kwenye yote matatu, na mechi 1 inakuwa aibu. Mimi ningempa mfululizo wote uliobaki.

Halafu kuna historia ya mtu, na hapa naisifu ligi bila kusita. Draymond Green wa Warriors aliikosa mechi ya tano ya fainali za 2016 kwa sababu pointi zake za faulo mbaya, zile anazoandikiwa mchezaji kwa kila faulo ya namna hiyo, zilifika nne katika mtoano, na kikomo kinajulikana na kila mchezaji kabla mpira haujarushwa. Warriors walikuwa mbele 3-1 na wakapoteza ubingwa. Mashabiki wao bado wanalia kuhusu siku ile, lakini sioni alichoonewa. Hesabu ilikuwa yake mwenyewe, faulo moja baada ya nyingine. Mwaka 2023 alimkanyaga Domantas Sabonis kifuani akapata mechi 1, akamkaba Rudy Gobert shingo akapata 5, kisha akamchapa Jusuf Nurkić usoni akafungiwa bila kutajiwa mwisho, kifungo kilichofika mechi 12. Aliyekuwa akitangaza adhabu hizo ni Joe Dumars, mtu aliyecheza katika Pistons ya mwishoni mwa miaka ya 1980, miaka ile ya vikumbo, na anayeujua mchezo mgumu kwa mwili wake, na kila mara taarifa ilitaja rekodi ya Green. Ndivyo inavyotakiwa.

Ninachoomba ni macho hayohayo yaelekezwe chini, kwenye miguu. Mlinzi anayeonekana mara ya pili ameingiza mguu chini ya mrushaji afungiwe hata kama aliyeruka ameinuka salama na kuendelea kucheza. Na mchezaji aliyeinuka benchi, akapiga hatua tatu na kurudi mwenyewe au kurudishwa, alipe faini na kesho acheze.