Nani Atabaki na Kiwewe?

Asubuhi ya Ijumaa, 7 Agosti 1998, watu waliokuwa maofisini karibu na ubalozi wa Marekani jijini Nairobi walisikia kishindo cha guruneti, wakakimbilia madirishani kuchungulia. Punde bomu lenyewe likalipuka. Vioo viliwaingia machoni, na wengine hawakuona tena. Jijini humo walikufa watu 213.

Kati ya mwezi mmoja na mitatu baadaye, Dkt. Frank Njenga, daktari wa akili, na wenzake walikusanya majibu ya Wakenya 2,883. Asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia ugonjwa wa kiwewe, yaani mshtuko unaomng'ang'ania mtu akilini baada ya janga. Waliolemewa zaidi ni wanawake, wasio na ndoa, majeruhi, hasa wenye majeraha yasiyopona, waliofiwa, waliokwama kifedha, na wale ambao hawakumfungulia rafiki moyo.

Wanaotetea ubashiri, yaani kukisia mapema nani atabaki na kiwewe, wana hoja nzito. Madaktari wa akili ni wachache, na huwezi kumfuatilia kila manusura kwa miaka. Orodha ya namna hii inakuonyesha pa kuanzia.

Lakini dalili za miezi ya mwanzo si hukumu. Wengi hutulia wenyewe, na wapo wanaoonekana wazima kisha huzidiwa baada ya miezi sita au zaidi. Tena sababu na matokeo huchanganyika: je, mtu aliugua kwa kukosa wa kumweleza, au alinyamaza kwa sababu tayari anaumwa? Na kuharakisha tiba kuna hatari yake. Kile kikao kimoja cha kumtaka manusura asimulie yote mara baada ya tukio, kilichoaminiwa sana zamani, tafiti zimeonyesha hakizuii kiwewe, na baadhi ya watu huwazidishia.

Mimi naegemea upande wa ubashiri, ila si wa kugawa watu mafungu siku ya kwanza. Jinsia ya mtu huibadilishi, wala aliyekwisha kufa humrudishi. Jeraha, fedha na upweke vinashikika, na ndivyo vinavyopuuzwa kamera zikishaondoka. Kwa hiyo manusura atafutwe baada ya mwezi, baada ya miezi sita, hata baada ya miaka, na asianze kwa kujaziwa fomu. Aulizwe: jicho linaendeleaje? Kodi ya nyumba umeipata? Na usiku ukishtuka, unamwamsha nani?