Mvua ya Tandahimba inasomewa Reading

Kutoka chumba nilichopanga hapa Reading, Uingereza, hadi jengo la Chuo Kikuu cha Reading wanamokadiria mvua iliyokwisha kunyesha Tandahimba, mkoani Mtwara, ni mwendo wa dakika ishirini na tano kwa miguu. Nina mwaka wa tisa hapa. Miaka mitano ya mwanzo nilipita mbele ya geti la chuo hicho nikienda kazini bila kujua kama ndani kuna mtu anashughulika na mawingu ya kwetu.

Kundi lenyewe linaitwa TAMSAT, ni la Chuo Kikuu cha Reading, na lipo tangu 1977. Setilaiti inapima ubaridi wa vilele vya mawingu. Wingu lililopanda sana hadi likapoa kupita kiasi fulani linahesabiwa kuwa linanyesha, kisha saa za ubaridi huo zinageuzwa kuwa milimita za mvua. Wanafanya hivyo kwa Afrika nzima, kipande kwa kipande cha kilomita 4, na kumbukumbu zao zinaanzia 1983. Mwenye intaneti anazipakua bure.

Nilimsimulia mjomba kwenye simu. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo mpwa wangu, hao wanajua mvua ya shambani kwangu hata sijaamka?"

"Wanakisia, mjomba. Iliyokwisha kunyesha."

"Iliyokwisha kunyesha hata mimi naijua, imeniloesha. Waulize ya kesho, maana salfa iko ndani na sijapuliza."

Hapo alinishika. Asiyetoka kwenye korosho ataona mzee anatania, kumbe hesabu yake ndiyo hiyo. Mikorosho yetu inachanua wakati wa kusi, kuanzia Juni hivi. Asubuhi zinakuwa na ubaridi na umande, na hali hiyo ndiyo raha ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaotanda kwenye maua kama unga wa muhogo. Ua likishikwa linakauka, na korosho ya tawi lile umeikosa. Kwa hiyo unapuliza salfa, dawa yake ya unga, alfajiri, upepo haujaamka, unga ushikane na umande. Ikija mvua ya kupotea mchana wake, ambayo zamani wazee walisema haiji mwezi ule, mfuko wa salfa umeoshwa, petroli ya mashine imekwenda, na kijana uliyemlipa ameshalipwa. Mjomba ana mikorosho mingi kiasi kwamba asubuhi tatu za namna hiyo zinamtia kwenye deni.

Na utabiri unaomfikia, kupitia redio au kikundi cha WhatsApp cha AMCOS, chama chao cha ushirika, unasema mvua za msimu, za Novemba hadi Aprili, zitakuwa za wastani hadi juu ya wastani. Siubezi. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa kinachoweza kutolewa kwa mkoa mzima. Ila wastani ni wa nani? Mkulima wa Tandahimba hajawahi kuonyeshwa wastani wa Tandahimba ukoje, kwa hiyo hawezi kujua juu yake ni wapi.

Huku nilikofika, mvua ni maongezi ya kupitisha muda. Mtu anaangalia simu ajue kama Jumamosi atachoma nyama bustanini. Nilikuja kubeba maboksi kama wenzangu, nikaishia kutunza wazee majumbani. Mmoja wao, marehemu sasa, alikuwa na kipima mvua nyuma ya nyumba. Kila saa tatu asubuhi alitaka nikamsomee, hata siku ambazo hakukumbuka kama ameshakunywa chai. Nilidhani ni uzee. Baadaye nikaja kujua kwamba amerithi jambo la zamani mno. Mwaka 1860 Mwingereza mmoja, George James Symons, alianza kukusanya vipimo vya mvua vya watu wa kawaida, mapadri, walimu, wenye mashamba, na mtandao ule ukakua ukawa wa maelfu ya watu. Mwaka 1919 ofisi ya serikali ya hali ya hewa, Met Office, ikauchukua. Haikuufuta.

Halafu ikaja korona. Machi 2020 tumefungiwa ndani, na profesa mmoja wa hapa Reading, Ed Hawkins, akaomba watu wamsaidie kunakili karatasi za mvua zilizokaa kwenye kumbukumbu za Met Office, zaidi ya 65,000, kila moja ikiwa na miaka kumi ya mahali pamoja, zimeandikwa kwa mkono. Watu 16,000 walijitokeza. Tarakimu milioni 5.2 zikaingizwa kwa siku 16. Na mimi nilikuwemo, nikitoka zamu ya usiku, naandika mvua za kijiji cha Wales ambacho hata kukitamka siwezi. Mwaka 2022 Met Office ilizipokea rasmi, na kumbukumbu ya mvua ya nchi hii ikarudi nyuma hadi 1836. Ndipo ikajulikana kwamba mwaka mkavu kuliko yote ulikuwa 1855.

Nakiri nilipokuwa nanakili nilipata wivu, tena wivu mchungu. Nilisoma shule ya msingi wilayani Newala, jina lake naliacha. Nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu palikuwa na kipima mvua ndani ya uzio wa waya, na darasa la sita tulikuwa na zamu ya kukisoma. Daftari lilikuwa kubwa, jalada gumu, miaka imepangwa. Mwalimu aliyelilinda akahamishwa. Miezi michache baadaye nilinunua karanga za kukaanga kwa mama mmoja getini, nikafungua kikaratasi, nikakuta mwandiko wangu: tarehe, milimita, saini. Nilikula karanga zote nikiwa nasoma.

Na karanga kwetu zina historia na mvua. Wazee wa Nachingwea wanakumbuka ule mradi mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga ulioanza 1947, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta, reli, bandari ya Mtwara yenyewe imetokana nao. Kongwa mvua iliwakatalia na udongo ukawa mgumu kama saruji, na walikuwa wameingia bila kumbukumbu za mvua za miaka ya kutosha kuwaambia wanaingia wapi. Mwaka 1951 waliachana nao, pauni kama milioni 36 zimekwenda. Taifa lilelile ambalo mapadri wake walikuwa wakipima mvua bustanini tangu 1860. Sijui kama kuna aliyecheka wakati ule, lakini mimi hucheka.

Ninachotaka kusema ni hiki. Watu wa nyumbani wakisikia utafiti wa tabianchi huku ulaya, wanafikiria kompyuta kubwa. Zipo, sikatai. Lakini kinachonishangaza mimi ni daftari. Huku serikali na chuo wanashika daftari moja. Met Office ina mkataba wa ubia na vyuo kadhaa, Exeter, Leeds, Reading na vingine, na hapa Reading watumishi wake wana ofisi ndani ya idara ya chuo. Mwanafunzi akitaka takwimu anapanda ngazi. Ofisi ya serikali ikitaka kujua kwa nini utabiri wa jana ulikosea, wa kuumiza kichwa juu ya hilo yuko ghorofa hilohilo.

Sisi vipande vyote tunavyo, ila kila kimoja kiko kwake. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina kituo uwanja wa ndege Mtwara. Watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele, kilomita chache kutoka mjini, wanaijua mikorosho kuliko mtu yeyote Afrika Mashariki, wanajua ubwiriunga unaanza lini na unapenda nini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sayansi ya hali ya hewa, na sasa kupitia HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu, kimeelekeza kampasi Lindi. Mtoto wa dada yangu, aliyesoma chuo kimoja cha nyumbani, alihitaji mvua za miaka ishirini za wilaya mbili kwa ajili ya utafiti wake. Ofisi aliyokwenda ikamwambia aandike barua, asubiri. Alisubiri hadi muhula ukaisha. Akaja kupakua za TAMSAT, za huku, nikiwa namwelekeza kwa simu.

Na hapo ndipo pana kichekesho chenyewe. Makadirio ya setilaiti hayasimami peke yake, yanarekebishwa kwa vipima mvua vya ardhini. Kuna mvua za pwani zinazotoka kwenye mawingu mafupi, yasiyopoa sana, na setilaiti ya namna ile huzikosa kabisa. Mtu wa Mikindani analowa, kompyuta inaandika sifuri. Mtu wa kumsahihisha mtaalamu wa Reading ni mtoto wa darasa la sita mwenye kopo na daftari.

Kuna wanaosema tusubiri wafadhili waje kuanzisha. Nimeishi kwa wafadhili, nawaambia msisubiri. Mwaka 2021 serikali ya huku ilipunguza msaada wake wa nje kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5, na ushirikiano wa kitafiti wa vyuo vyake na nchi kama yetu ukapigwa katikati ya safari, miradi mingine ikabaki bila fedha. Mpiga kura wa Reading hakuulizwa na mkulima wa Tandahimba hakuambiwa. Kipima mvua na mwalimu wa kukisoma si gharama ya kuishinda halmashauri inayokata ushuru wa korosho.

Tena si korosho tu. Aprili 2019 Mtwara iliambiwa kimbunga Kenneth kinakuja, watu wakahama majumba, na tarehe 25 kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Wenzetu wa kule walikufa. Upande wetu ilibaki mizaha: kimbunga gani hicho kimeogopa Wamakonde. Bibi yangu hakucheka, alikuwa Lindi Aprili 1952 kimbunga kilipopiga. Mei 2024 kilipokuja kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Somanga, na mikoa miwili ikakaa siku kadhaa kama kisiwa. Wangapi walipuuza tahadhari ya Hidaya kwa sababu ya Kenneth? Hilo ni swali la chuo. Mamlaka kazi yake ni kuonya, na ikimaliza onyo moja ina jingine mezani. Wa kukaa barazani na wavuvi wa Kilwa Kivinje, awaulize walisikia nini na walielewa nini, ni mwanafunzi mwenye miezi sita na msimamizi asiye na haraka. Ubia bila mtu wa namna hiyo utaishia kwenye picha za kupeana mikono, na picha hizo tunazo za kutosha.

Sisemi huku ni peponi. Nimeona tafiti nyingi juu ya wakulima wa Afrika zimeandikwa na watu ambao hawajawahi kunusa salfa, na kwa Kiingereza ambacho hata mimi wa miaka tisa kinanikimbia. Siku moja nilihudhuria mhadhara wa wazi chuoni, mtaalamu akaonyesha ramani ya kusini mwa Tanzania. Nikauliza doa lile ni Newala au Tandahimba. Hakujua, ila aliuliza kwa adabu namna ya kutamka yote mawili.

Mwaka jana nilimtumia mjomba kipima mvua cha plastiki, kwa mtu aliyekuwa anarudi likizo. Amekifunga kwenye mti mkavu mbali na mikorosho, kama nilivyomwelekeza, na anamgombeza kila mtoto anayekisogelea. Kila asubuhi ananitumia picha ya daftari. Sifuri, sifuri, sifuri, kumi na nne, sifuri. Juzi kaniuliza akimaliza kurasa alipeleke wapi. Nimempigia mtu ninayemfahamu Mtwara mjini, naye ameniambia ataulizia.