Ulinzi wa mto uanzie kwenye mitaro ya chuo

Chuo kikuu kikitakiwa kulinda kijito au ziwa jirani, wapo wanaosema mchango wake halisi ni utafiti, kwani eneo lake ni sehemu ndogo ya bonde zima. Hoja hiyo ina uzito. Vipimo vya maji vinavyochukuliwa mahali palepale kwa miongo ni hazina, na taasisi zenye subira ya kuvitunza ni chache.

Ila udogo wa eneo unadanganya. Mvua ya milimita 25 ikinyesha kwenye maegesho ya mita za mraba 10,000 huleta lita 250,000. Ikinyesha kwa saa moja, hizo ni karibu lita 70 kila sekunde, mara nyingi zikitokea kwenye bomba moja. Kwenye nyasi, sehemu kubwa ingezama ardhini. Kwenye lami, maji huzoa mafuta na chembe za matairi, yale ya mwanzo yakiwa machafu zaidi, kisha hula kingo za kijito na kuziba kwa tope nafasi za kati ya kokoto, ambamo samaki wengi hutaga. Kwa kijito kinachopita ukutani mwa chuo, huo si mchango mdogo hata kidogo.

Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani waliitambua kemikali ya matairi, 6PPD-kwinoni, iliyokuwa ikiua samoni aina ya coho vijitoni. Ni ushindi wa utafiti, kweli. Lakini majaribio ya awali yalikuwa yameshaonyesha kuwa maji ya barabarani yakichujwa kwenye udongo, samaki hao hawafi. Dawa iko pale pale maegeshoni.

Dawa yenyewe ni beseni la kuchujia, yaani shimo la kina kifupi ardhini: mchanga mwingi, mboji kidogo, mimea juu, na kishimo mlangoni cha kunasa tope. Mboji ikizidi, beseni lenyewe humwaga fosforasi na kulisha mwani. Likipokea maji kabla ujenzi wa jirani haujaisha, huziba mapema. Wanaohofia mbu wana haki, ingawa mbu kwa kawaida huhitaji takriban wiki moja kukua majini, na beseni linalofanya kazi vizuri hukauka ndani ya saa 48. Likichelewa, tope la juu likwanguliwe, na fedha za kazi hiyo ziwe kwenye bajeti ya matengenezo ya kila mwaka, kwa sababu mradi wa utafiti ukiisha hakuna mwingine atakayezilipa.