Shikamoo ya Darini

Nyumba zilizo karibu na bahari hapa Shangani, Mtwara, hazisubiri mvua ili zilowe. Hewa yenyewe imebeba unyevu na chumvi, na ukiongeza maji ya vuguvugu ambayo mke wangu huwaandalia watoto kila asubuhi, utaelewa ni kwa nini dari ya bafu letu, iliyokuwa ya jipsamu ya kawaida, ilikata tamaa. Ilianza kwa doa moja la rangi ya chai juu ya bomba la mvua. Doa likazaa madoa, karatasi ikavimba, vichwa vya skrubu vikachungulia vikiwa vimeota kutu, na hatimaye kipande kizima kikabonyea hata mgeni mrefu akawa anaoga ameinama.

Jipsamu si kitu kibaya, na sipendi isingiziwe. Ni jasi, ileile inayochimbwa kwa majirani zetu wa Kilwa, iliyobanwa katikati ya karatasi mbili, na takriban moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe, ndiyo maana moto huchelewa kuipenya. Maji ya ndani inayamudu. Ya nje yanaishinda. Karatasi hunyonya, ukungu hujipatia chakula, na ubao hulegea kwenye blandaringi, yaani zile fito za mbao zinazoishikilia dari.

Tukamwita fundi, na kikao kikafanyika ukumbini. Mjomba wangu wa Mikindani, ambaye hakualikwa, alipendekeza boriti za mikoko na chokaa, kama zilivyo nyumba kongwe za kwao ambazo bado zimesimama. Hoja ilikuwa nzuri, ila kukata mikoko bila kibali ni kesi, na bafu langu halistahili kunipeleka mahakamani. Mbao za mninga zilipita haraka: zinapendeza, lakini hutaka vanishi kila baada ya muda, na bei yake ilimfanya mke wangu aombe maji ya kunywa. Nikauliza kuhusu jipsamu ile ya kijani iliyotengenezwa kwa ajili ya sehemu zenye unyevunyevu. Fundi akatafakari, kisha akasema, “Mwalimu, ile inavumilia unyevu. Haivumilii kuoga.”

Ikabaki PVC, plastiki ngumu ya vipande virefu, ambayo haiozi, mchwa hawaitaki, haihitaji rangi, na hufutwa kwa kitambaa tu. Kasoro yake kubwa ni joto, kwa hiyo taa za moto sana huwekwa mbali nayo. Hapo wote tukakubaliana. Vita vilizuka kwenye umaliziaji. Mimi nilitaka nyeupe isiyong'aa, kwa sababu bafu ni mahali pa kutoka ukiwa safi, si mahali pa kushangaa. Mke wangu alitaka inayong'aa. Fundi, ambaye hutoza zaidi kwa kila mita ya mraba inayong'aa, aligundua ghafla kwamba na yeye anaipenda hiyohiyo. Alitoa kipande cha mfano chenye rangi ya kahawa iliyokolea na mistari ya dhahabu, akakifuta kwa ncha ya shati lake, akachomoa kitana mfukoni na kuchana nywele akijitazama humo. “Mwalimu, na hii hata kioo hutanunua!” Nilisema wazi kwamba kitu ambacho mtu anachania nywele ni kioo, na kwamba mimi, ninayefundisha fizikia, sioni sababu ya kulala chali kichwani pangu kukiwa na kioo, sembuse kuoga. Kura zikahesabiwa. Nikashindwa.

Sasa sina budi kuueleza ukuta. Bafu letu na choo cha wageni vimetenganishwa na ukuta wa tofali ambao unakoma kama futi mbili kabla ya kufika darini. Ulijengwa hivyo makusudi, ili hewa ya dirisha moja ihudumie vyumba viwili. Fundi aliona kukata vipande juu ya ukuta huo ni kuharibu mali, kwa hiyo alivipitisha vyote virefu, kutoka chumba hiki hadi kile, bila kiungo hata kimoja, na akatuita tuje tuone jinsi mistari ya dhahabu inavyotiririka. Ilitiririka kweli. Nikafunga na taa mpya yenye mwanga mkali, ili gharama ionekane.

Watoto waligundua mapema, na wakanyamaza kwa sababu walikuwa wakifinyiana nyuso kwa raha zao.

Kisha akaja mama mkwe kutoka Newala, na kapu la korosho zilizobanguliwa. Mtu aliyekulia kwenye uwanda ule wa juu, ambako zamani maji yalifuatwa bondeni na kupandishwa mlima kichwani, haingii bafuni kwa mzaha. Alionyeshwa dari, akaisifu kwa heshima, akaahidi kuitazama vizuri akipata nafasi. Nafasi aliipata jioni ileile. Mimi nilikuwa nimetoka shuleni, niko chini ya bomba la mvua, povu usoni. Yeye aliingia choo cha wageni kutia udhu kabla ya magharibi. Nilijimwagia maji, nikafumbua macho, nikainua uso, na hapo juu, katikati ya mistari miwili ya dhahabu, nikaiona miwani ya mama mkwe, imepinduka, na nyuma ya miwani macho yake.

Malezi ni kitu cha ajabu. Kabla akili haijafika, mdomo ulikwisha kusema, “Shikamoo, Mama.”

Na yeye, kwa malezi yaleyale, akajibu kutoka darini, “Marahaba, baba. Hujambo?”

“Sijambo, Mama. Mmeshindaje?”

“Tumeshinda salama. Na shuleni huko?”

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kueleza kuhusu mitihani ya muhula ndipo sote wawili tukafikiwa na akili kwa wakati mmoja. Kopo la udhu lilianguka upande wake. Mimi nilichuchumaa nikakumbatia ndoo kama mtoto wa kufikia aliyetishiwa. Laiti ningeoga maji ya moto, mvuke ungeifunika ile dari na kunisitiri, lakini nani anaoga maji ya moto Mtwara mwezi wa Desemba? Hakuna aliyethubutu kutoka kwanza, kwa kuwa milango miwili inatazamana kwenye korido moja. Adhana ikaita, ikaisha. Mke wangu alipita akigonga mlango huu na ule, akiuliza kama maji yamekatika.

Nikiwa nimechuchumaa pale nilifanya hesabu, kwani sikuwa na kazi nyingine. Mwanga hurudi kwa pembe ileile uliyoingilia, na anayekuona kwenye kioo nawe unamwona. Kwa kimo cha ukuta ule, mtu aliyesimama hatua moja kutoka ukutani huonekana kuanzia utosini hadi nyayoni. Bomba letu la mvua liko hatua moja kutoka ukutani.

Chakula cha usiku mama mkwe alikulia jikoni, na salamu zangu zilimfikia kupitia kwa mjukuu. Asubuhi akasema anawahi basi la Newala. Mlangoni alimwambia binti yake, “Dari yenu nzuri, ila ina maneno mengi.”

Fundi alipokuja alitaka kupandisha ukuta hadi juu. Nikamkatalia, maana hewa ingekosa njia na ukungu ungerudi. Kupaka rangi juu ya PVC inayong'aa bila kuikwangua na kuitia praima, rangi ya kwanza inayoshika, ni kuitafutia rangi mahali pa kubanduka. Tukaafikiana apige msasa wa maji mpaka ing'ae kidogo tu, isionyeshe sura ya mtu. Akapiga upande wetu peke yake, akadai amemaliza. Ikanibidi nichukue chaki na kumchorea ukutani jinsi mwanga unavyoweza kugonga dari upande wa choo na bado ukatua bafuni kwangu. Aliutazama mchoro kwa muda, akatazama bomba la mvua, akatazama mlango wa choo, akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo.

Alimaliza upande wa pili, mke wangu akiwa amekataa kushuhudia. Kwenye karatasi ya malipo aliandika “kuondoa mng'aro”, na bei kwa kila mita ya mraba ilikuwa ileile aliyoniongezea alipouleta. Nilipomuuliza ni kwa nini bei hizo zinalingana, alinijibu kwa utulivu kwamba mita hazijapungua.